Mshenga au Mwenye Mali? Kauli za Mawakala wa Michezo ya Mtandaoni Iliyojanibishwa na Manung'uniko ya Wachezaji

IKISIRI

Makala haya yanachunguza manung'uniko ambayo wachezaji wa michezo ya mtandaoni huyaelekeza kwa kampuni zinazowaletea michezo hiyo katika lugha zao. Hudaiwa mara kwa mara kwamba chanzo cha manung'uniko hayo ni tafsiri mbovu. Sisi tunaona kwamba tafsiri mbovu ni sehemu ndogo tu ya tatizo, na kwamba kiini chake ni cha kipragmatiki: wakala anayeuendesha mchezo husema kama mwenye mali wakati wa kupokea fedha, na husema kama mjumbe wakati wa kupokea lawama. Mifano imetoka Japani, Marekani, Korea ya Kusini na China. Sehemu ya mwisho inatazama mambo mawili ya sarufi ya Kiswahili, yaani upatanisho wa ngeli na kiambishi cha nafsi, ambayo hayana budi kufikiriwa kabla michezo ya aina hii haijajanibishwa kwa Kiswahili.

1.0 UTANGULIZI

Uchunguzi wa tafsiri katika Kiswahili umeshughulika zaidi na matini zilizokwisha kukamilika: riwaya na tamthilia, maandiko ya dini, vitabu vya kiada, sheria na hotuba. Matini ya namna hiyo ina mwanzo na mwisho wake. Mfasiri akishaimaliza kazi yake kitabu hupigwa chapa, na msomaji anayeudhika huwa ameudhiwa na jambo lililomo kitabuni, ambalo aweza kulionyesha kwa kidole.

Mchezo wa mtandaoni hauko hivyo. Huu ni mchezo wa kompyuta au wa simu ambao maelfu ya watu huucheza kwa pamoja kupitia intaneti, kila mmoja akiwa na mhusika wake, na rekodi za wahusika wote hao hutunzwa katika seva za kampuni, si katika kompyuta ya mchezaji. Hadithi yake huongezwa sura mpya kila baada ya muda. Pamoja na hadithi hiyo huja matangazo ya mashindano, bei za vifaa, masharti ya zawadi, taarifa za matengenezo, majibu ya malalamiko, na radhi. Siku matini ya mchezo kama huo itakapokamilika ndiyo siku mchezo wenyewe utakapofungwa.

Wataalamu wa ujanibishaji wameligusa jambo hili kwa njia mbalimbali. Pym (2004) anasisitiza kwamba matini inayojanibishwa ni matini iliyo safarini, na kwamba kusafiri kwenyewe huibadilisha. O'Hagan na Mangiron (2013), ambao kitabu chao kinahusu michezo peke yake, wanaonyesha jinsi mfasiri wa mchezo anavyopewa uhuru mpana wa kubuni upya ili mchezaji wa lugha lengwa apate burudani sawa na ya mchezaji wa lugha chanzi. Mkazo wa kazi hizo, hata hivyo, uko kwenye bidhaa na utengenezaji wake. Makala haya yanapenda kutazama upande wa pili, yaani mazungumzo kati ya anayeuendesha mchezo na anayeucheza, kwa sababu humo ndimo hasira nyingi huzaliwa.

Pengine atatokea msomaji wa kuuliza kama jambo la michezo linastahili kurasa za jarida hili. Tunamwomba avute subira hadi sehemu ya 5.0, ambapo atakutana na watu wapatao 200 waliokwenda mahakamani.

2.0 SUALA LA ISTILAHI

Kampuni inayoutoa mchezo kwa umma huitwa kwa Kiingereza kwa neno lile lile linalotumika kwa kampuni ya vitabu. Tukilifasiri moja kwa moja tunapata 'mchapishaji'. Istilahi hiyo ina kasoro. Mzizi wake ni chapa, na katika mchezo wa mtandaoni hakuna kinachopigwa chapa. 'Msambazaji' nayo haifai sana, kwa kuwa kinachosambazwa ni programu ya kuingilia tu. Mchezo wenyewe hubaki ndani ya seva. Kampuni hiyo humiliki au hukodi seva, husimamia tafsiri, hukusanya fedha, hutangaza, hupokea malalamiko, na huzifungia akaunti za wavunja sheria. Mara nyingi hufanya hayo yote juu ya mchezo uliotengenezwa na kampuni nyingine katika nchi nyingine.

Wachina hutumia neno dàilǐ, maana yake uwakala. Wakorea wamelikopa neno la Kiingereza, lakini ukisikiliza wanalolalamikia wachezaji wao utayasikia maneno mawili mengine: unyeong, yaani uendeshaji, na sotong. Hili la pili hufasiriwa kwa kawaida kama 'mawasiliano', ingawa maana yake ya asili ni kupita bila kizuizi, kama maji yapitavyo katika mfereji uliozibuliwa. Mchezaji wa Korea anaposema kwamba kampuni haina sotong, hasemi kwamba kampuni imenyamaza. Kampuni yaweza kutoa matangazo kumi kwa siku na mfereji bado ukawa umeziba.

Katika makala haya tutatumia 'wakala' kwa kampuni inayouendesha mchezo katika lugha au nchi fulani, na 'mtengenezaji' kwa kampuni iliyouunda. Tunafahamu kwamba neno wakala leo humkumbusha mwenyeji wa Dar es Salaam au Nairobi mtu wa kibandani anayetoa na kupokea fedha kwa njia ya simu. Ukumbusho huo hauna madhara; kwa hakika unatufaa. Wakala wa kibandani amesimama na huduma ya mtu mwingine, na rangi ya kibanda chake inatangaza ni ya nani. Mtandao unapokatika husema tu kwamba mtandao haupo, na mteja huondoka akinung'unika dhidi ya kampuni, si dhidi yake. Ni kwa nini wakala wa mchezo hapati msamaha huo?

3.0 MKABALA

Tutatumia mawazo mawili yanayojulikana sana. La kwanza ni la Austin (1962), kwamba kusema ni kutenda, na kwamba tendo la kusema, kama vile kuahidi, kuamuru au kuomba radhi, lina masharti yake ya ufanisi. Miongoni mwa masharti hayo ni kwamba msemaji awe na mamlaka ya kulitenda analolisema. Asiye na mamlaka ya kufungisha ndoa hafungishi ndoa, hata akiyatamka maneno yote kwa ufasaha.

Wazo la pili ni la Goffman (1981), aliyelivunja dhana ya 'msemaji' katika nafasi tatu: mtamkaji, ambaye sauti yake ndiyo inayosikika, mtungaji, aliyeyachagua maneno, na mwenye kauli, ambaye msimamo wake ndio unaoelezwa na ambaye anabanwa na yaliyosemwa. Katika mazungumzo ya kawaida mtu mmoja huzishika nafasi zote tatu. Katika tangazo la mchezo uliojanibishwa nafasi hizo zimegawanyika: mtamkaji ni wakala, mtungaji ni mfasiri ambaye aghalabu hata jina lake halitajwi, na mwenye kauli, kwa mambo makubwa, ni mtengenezaji aliye ng'ambo.

Mgawanyiko huu si mgeni kwa Waswahili. Mshenga anayepelekwa kuposa hutamka maneno ambayo mwenye kauli yake ni mtu mwingine. Lakini adabu ya posa ina utaratibu ulio wazi. Mshenga hutangulia kusema kwamba ametumwa, na anatumwa na nani. Anapoulizwa jambo ambalo hakupewa idhini ya kulijibu, hasemi 'tutaona', bali husema atalifikisha kwa waliomtuma na atarudi na jibu. Kwa sababu hiyo analindwa na kanuni kwamba mjumbe hauawi. Ulinzi huo ni malipo ya uwazi wake. Mshenga ambaye angejifanya ndiye muoaji, kisha siku ya mahari akasema 'mimi nimetumwa tu', asingepata pa kujificha.

Dai letu ni kwamba wakala wa mchezo huelekea kuwa mshenga wa aina hiyo.

4.0 AHADI BILA TAREHE: PHANTASY STAR ONLINE 2

Mchezo wa Phantasy Star Online 2 wa kampuni ya Sega ulizinduliwa Japani Julai 2012. Mwezi huo huo tawi la Sega huko Marekani lilitangaza kwamba toleo la Kiingereza lingetoka mapema mwaka 2013. Mwaka 2013 ukafika, ikasemwa kwamba toleo limeahirishwa, na baada ya hapo pakawa kimya. Mchezo ulikuja kutangazwa tena kwa Amerika ya Kaskazini Juni 2019, ukafunguliwa kwa mashine za Xbox mwaka 2020 baada ya majaribio, na ukaingia katika kompyuta tarehe 27 Mei 2020. Tangu ahadi hadi utekelezaji ilipita takriban miaka minane.

Mfano huu una thamani ya pekee kwa mwanaisimu kwa sababu ya jambo moja lililotokea katikati. Wachezaji wa Magharibi hawakungoja. Watu wa kujitolea, bila malipo, walianza kuitafsiri matini ya mchezo kutoka Kijapani kwenda Kiingereza na kuipachika juu ya programu ya Kijapani, na kazi hiyo waliiendeleza mwaka hata mwaka kadiri matini ilivyozidi kuongezeka. Kuanzia mwaka 2014 palikuwa pia na toleo la Kiingereza kwa Asia ya Kusini-Mashariki, likiendeshwa na kampuni ya Asiasoft, ambalo lilifungwa mwaka 2017. Wachezaji wa nje ya eneo hilo hawakukusudiwa kulitumia. Kwa hiyo tafsiri ilikuwepo. Aliyetaka kuielewa hadithi kwa Kiingereza aliweza kuielewa.

Kama manung'uniko yangekuwa ya tafsiri yangetulia hapo. Hayakutulia. Kilichoendelea kuulizwa kwa miaka yote hiyo kilikuwa swali moja: mtakuja au hamji? Kwa lugha ya Austin, ahadi ya mwaka 2012 haikutekelezwa wala haikufutwa. Kuahirisha bila kutaja tarehe ni tendo la ajabu kidogo: linaibakiza ahadi hai huku likiondoa kila kipimo cha kuijua kuwa imevunjwa. Aliyeahidiwa hawezi kudai, kwa kuwa siku haijafika, na hawezi kusahau, kwa kuwa ahadi haijaondolewa. Kukataa kungeudhi mara moja tu. Je, tawi la Marekani lilikuwa mtamkaji tu, au lilikuwa mwenye kauli? Tangazo la mwanzo lilisomeka kama la mwenye kauli, na kimya kilichofuata kilikuwa kama cha mjumbe ambaye hajaambiwa kitu na waliomtuma.

Hata siku ya kufika mambo hayakuwa laini. Toleo la kompyuta lilitolewa kupitia duka la mtandaoni la Microsoft, na wachezaji wengi walipata taabu kubwa ya kuliweka katika mashine zao, wengine wakilazimika kuipakua upya programu nzima zaidi ya mara moja. Sasa pakawa na mawakala wawili badala ya mmoja, na mchezaji aliyeuliza kosa ni la nani alikuwa na milango miwili ya kubisha.

5.0 WASOMAJI WENYE MATINI CHANZI MKONONI: KOREA YA KUSINI

Mifano ya Korea ndiyo iliyo tajiri zaidi, na tutakaa nayo kwa muda mrefu kidogo.

Michezo mingi ya simu ya Kijapani huingia Korea mwaka mmoja au miwili baada ya kutoka Japani, na hufuata ratiba ile ile ya Japani kwa kuchelewa. Fate/Grand Order ulitoka Japani mwaka 2015 na ukaletwa Korea na kampuni ya Netmarble mwaka 2017. Uma Musume: Pretty Derby wa kampuni ya Cygames ulitoka Japani tarehe 24 Februari 2021, na Kakao Games ikauzindua Korea tarehe 20 Juni 2022. Katika hali kama hii mchezaji wa Korea anajua tangu mapema ni kitu gani kitakachokuja, kwa kuwa kimekwisha kutokea Japani na kumbukumbu zake ziko wazi. Wapo wanaosoma Kijapani, na wasiosoma huelezwa na wenzao. Kwa maneno mengine, kila tangazo la wakala lina matini chanzi inayojulikana, na wasomaji wake ni wahakiki wa tafsiri ambao wameishika matini hiyo mkononi. Mfasiri wa riwaya ni nadra sana kukutana na hadhira ya namna hii.

Hadhira hiyo hailinganishi maneno peke yake. Inalinganisha matendo: Japani walitangaziwa siku ngapi kabla, walipewa zawadi kiasi gani, waliombwa radhi kwa maneno gani.

Mwanzoni mwa Januari 2021 Netmarble ilisitisha ghafla, katika Fate/Grand Order, mpango wa zawadi uliokusudiwa kwa wachezaji wapya ambao wachezaji wa zamani nao walikuwa wakinufaika nao. Thamani ya zawadi hizo haikuwa kubwa. Kilichowasha moto ni namna ya kusitisha na maelezo yaliyofuata, ambayo wachezaji waliyaona kuwa hayaelezi kitu. Walichangishana fedha, wakakodi malori yenye skrini kubwa za umeme, wakayaegesha karibu na ofisi za kampuni mjini Seoul yakionyesha malalamiko yao. Kampuni iliomba radhi na ikakutana na wawakilishi wa wachezaji. Baada ya hapo malori ya namna hiyo yakawa desturi inayojulikana katika michezo mingine ya Korea.

Mwaka uliofuata ikaja zamu ya Uma Musume. Wahusika wa mchezo huu ni wasichana wenye asili ya farasi, ambao wamepewa majina ya farasi halisi wa mbio wa Japani. Mchezaji huwafunza na kuwaingiza mashindanoni, na hulipa fedha ili kuchota kadi za msaada kwa bahati nasibu. Mashindano makubwa yanahitaji maandalizi ya siku nyingi. Wachezaji wa Korea walilalamika kwamba tangazo la mashindano lilitolewa siku chache tu kabla, wakati wenzao wa Japani walikuwa wamepewa muda wa kutosha. Kwamba zawadi zilipungua zikilinganishwa na za Japani. Kwamba tafsiri ilikuwa na makosa. Na kwamba majibu ya malalamiko yalikuwa maneno yale yale yaliyonakiliwa. Tarehe 29 Agosti 2022, huko Pangyo katika mji wa Seongnam, waliipeleka gari ya kukokotwa na farasi ikazunguka jirani na makao ya Kakao Games. Malori yalikwisha kuzoeleka; kwa mchezo wa farasi walitaka farasi.

Mkuu wa kampuni aliomba radhi mwezi Septemba, na tarehe 17 ya mwezi huo ulifanyika mkutano na wawakilishi wa wachezaji uliochukua saa nyingi. Haukuwatosheleza, na siku chache baadaye wachezaji wapatao 200 walifungua kesi wakidai kurudishiwa fedha zao.

Tukiyapanga malalamiko hayo kwa uzito waliyopewa na wachezaji wenyewe, makosa ya tafsiri hayako juu. Neno lililokosewa katika maelezo ya kadi huudhi na hucheka watu, kisha husahihishwa. Tangazo lililochelewa haliwezi kusahihishwa. Tena makosa ya tafsiri hutumika katika malalamiko kama ushahidi, si kama shtaka: yanatajwa ili kuonyesha kwamba upande wa pili hakuna anayeucheza mchezo, hakuna anayejali. Hili lina maana kwa walimu wa tafsiri. Tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba kosa huharibu maana. Katika uhusiano wa muda mrefu kosa huharibu pia imani juu ya mkosaji, na huko hakurekebishwi kwa kubadilisha neno.

Swali lililorudi tena na tena, katika sakata hizi zote mbili, lilihusu nafasi za Goffman. Uamuzi huu ni wa nani? Kama ni wa mtengenezaji wa Japani, kwa nini Japani mambo yalikuwa tofauti? Kama ni wa wakala, kwa nini asiseme hivyo? Matangazo ya kampuni katika Kikorea huandikwa kwa daraja ya juu kabisa ya heshima, na kwa kuwa sarufi ya Kikorea inaruhusu kiima kudondoshwa, tangazo laweza kuwa refu, lenye staha kamili, na lisitaje ni nani aliyetenda. Staha bila mtenda husomwa na mwenye hasira kama ukwepaji. Haitoshi basi kusema kwamba tangazo lilikuwa 'na adabu'.

6.0 WAKALA NA MWENYE MALI WAKIGOMBANA HADHARANI: CHINA

Nchini China uwakala ni sharti la kisheria, kwa kuwa mtengenezaji wa kigeni hawezi kuuendesha mchezo mwenyewe. World of Warcraft wa kampuni ya Blizzard ya Marekani uliendeshwa na The9 tangu 2005, kisha NetEase kuanzia 2009. Mkataba na NetEase haukufanywa upya na huduma ilikatwa Januari 2023. Kabla ya kukatwa, Blizzard ilitaka mkataba urefushwe kwa miezi sita wakati ikitafuta wakala mwingine. NetEase ilikataa kwa tamko la hadharani, ikilifananisha pendekezo hilo na mtu apandaye punda huku akitafuta farasi, na wanandoa walioachana lakini wakaendelea kuishi pamoja. Wafanyakazi wake wakaonyeshwa mtandaoni moja kwa moja wakiibomoa sanamu ya shoka la mchezo huo iliyokuwa katika viwanja vya kampuni.

Hapa kwa mara moja nafasi za usemi zilikuwa wazi kabisa: kila upande ulisema kwa jina lake. Uwazi huo haukuwafariji wachezaji, ambao waliruhusiwa tu kuhifadhi kumbukumbu za wahusika wao katika kompyuta zao na kungoja. Mchezo ulirudi mwaka 2024, chini ya NetEase ile ile. Tunautaja mfano huu ili isidhaniwe kwamba tunauona uwazi wa kauli kuwa dawa ya kila kitu. Mchezaji ni mshiriki ambaye mali yake, miaka yake kumi ya kucheza, imo ndani ya nyumba ya watu wawili wengine, na mkataba wa nyumba hiyo yeye hajauona.

7.0 MASWALI KWA KISWAHILI

Mchezaji wa Dar es Salaam au Mombasa hucheza michezo hii mingi kwa Kiingereza, tena kwa kuunganishwa na seva zilizoko mbali. Ujanibishaji wa programu kwa Kiswahili si jambo jipya: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Lakini programu ya ofisi haiombi radhi wala haitangazi mashindano. Mchezo unaleta matatizo yake.

7.1 Upatanisho wa ngeli

Matini ya mchezo humfikia mfasiri katika majedwali ya vipande vya sentensi vyenye nafasi tupu, ambazo kompyuta huzijaza wakati wa kucheza. Kipande kama 'Umepata [idadi] [kitu] mpya' kinakubali ngao 5 mpya na panga 5 mpya. Akipata vito, kompyuta itaandika *vito 5 mpya. Akipata farasi itaandika *farasi 5 mpya, kana kwamba hawana uhai. Na jambia litakuwa *jambia 1 mpya. Hazina ya CLDR ya shirika la Unicode, ambayo programu nyingi huitegemea, inakipa Kiswahili makundi mawili tu ya idadi, umoja na yasiyo umoja, na hilo ni sahihi kwa idadi. Ngeli ni jambo jingine, na hapana budi mtengeneza programu aambiwe kila nomino ni ya ngeli gani.

Viumbe vya kubuniwa vinaongeza utata. Joka likilala ni joka limelala. Likianza kusema na kumtishia mchezaji, masikio ya Mswahili aliyelelewa na ngano yanataka joka amesema. Na upanga unaozungumza je? Huu si utani. Mfasiri atalazimika kuamua, na uamuzi wake utajitokeza katika mamia ya vipande.

Njia ya mkato ni kuandika 'Umepata kitu kipya: vito. Idadi: 5'. Sarufi imepona, lakini lugha imekuwa ya stakabadhi ya duka. Njia iliyo bora, yaani kuwa na umbo la kila ngeli, inahitaji mabadiliko katika programu yenyewe, na programu iko kwa mtengenezaji. Mfasiri atamwomba wakala, wakala atamwandikia mtengenezaji, na mchezaji atakayeisoma *vito 5 mpya atamlaumu mfasiri.

7.2 Kiambishi cha nafsi na kauli za vitenzi

Tumeona kwamba Kikorea huruhusu tangazo lisilo na mtenda, na Kijapani hali kadhalika. Kitenzi cha Kiswahili hakiwezi kudondosha kiambishi chake cha kiima katika sentensi ya kawaida ya taarifa. Mwandishi wa tangazo lazima achague, na machaguo yake makuu ni matatu:

(a) Tumekata huduma.
(b) Huduma imekatwa.
(c) Huduma imekatika.

Kila mtumiaji wa umeme katika miji yetu anaijua tofauti ya (b) na (c) bila kufundishwa. Umeme uliokatika ni bahati mbaya ya mtaa mzima. Umeme uliokatwa umekatwa na mtu, kwa sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni deni. Kauli ya kutendwa humficha mtenda lakini humwachia mlango: yaweza kuongezwa 'na kampuni', na msikilizaji ana haki ya kuuliza na nani. Kauli ya kutendeka huufunga mlango huo, kwani *huduma imekatika na kampuni haisemeki.

Mfasiri anayepewa tangazo la Kijapani au Kikorea lisilo na kiima atavutwa na (c), kwa kuwa ndiyo inayokaribia zaidi umbo la matini chanzi. Mara nyingi atakuwa ametafsiri sawasawa na akawa amesema uongo, kwa sababu (c) inadai jambo ambalo matini chanzi ililinyamazia tu: kwamba hakuna aliyekata. Akichagua (a) atakuwa amempa wakala umilikaji wa uamuzi ambao pengine si wake, na mwezi ujao wakala akisema kwamba uamuzi ulitoka Tokyo, tangazo la mwanzo litatolewa kama ushahidi dhidi yake. Lugha yetu ina umbo la nne, ambalo ni refu zaidi na ambalo hatujui kampuni itakayolipenda: Mtengenezaji ameamua kuikata huduma, nasi tumetumwa kuwaarifu. Hiyo ndiyo kauli ya mshenga. Kwa kuitumia mfasiri atahitaji kuambiwa, kabla hajaanza kuandika, ni nani hasa aliyeamua. Na katika majedwali ya vipande vya sentensi yanayoletwa kwa wafasiri safu ya habari hiyo haimo.